Uso wa Rudy katika Sehemu ya Sita

Kambi ya Mtambo Namba 9, karibu na Casper, Wyoming
Jumapili, 12 Oktoba 1986

Dada Loretta,

Pokea salamu zangu, na Mama umpe zake kama atazipokea. Natumaini goti lake limepungua kuvimba na paa la jikoni mmeliziba. Huku theluji imeshaanguka mara mbili na mara zote mbili upepo umeichukua kabla haijatulia chini.

Sina habari kubwa. Tunachimba. Mitambo mingi imefungwa mwaka huu kwa sababu mafuta hayana bei, na sisi tuliobaki tunafanya kazi ya watu wawiliwawili na tunanyamaza. Kidole nilichokibana mwezi wa nane kimepona, ila ukucha umeota kama ganda la konokono. Mgongo ndio huo huo.

Jambo lililonikalisha chini ni hili. Jumamosi iliyopita mimi na Dwight, yule wa Oklahoma tunayelala naye trela moja, tulikwenda mjini kufua nguo. Mashine zinazunguka, sisi tunatazama nje, nikaona bango la sinema ya Tanuri, Sehemu ya Sita. Nikamwambia Dwight, "Hiyo picha imezaliwa kwetu."

"Kwenu wapi? Kuzimu?"

"Corley, Pennsylvania. Lile tanuri la chokaa liko nyuma ya kanisa letu. Nimekojoa humo nikiwa mtoto."

"Basi twende nikaone choo chako," akasema, tukaingia.

Wewe uliwachemshia kahawa wale watu wa sinema walipopiga ya kwanza na ya pili, kwa hiyo nakupa hukumu yangu bila kuipaka sukari. Ni mbaya, lakini si mbaya kama ya Tano. Ile ya Tano muuaji hakuwa hata Mtu wa Chokaa mwenyewe, alikuwa daktari wa meno aliyejipaka unga, na hilo sitawasamehe. Hapa wamemrudisha mwenyewe. Mvua inanyesha juu ya kaburi lake, chokaa mbichi inachemka, ardhi inafuka moshi, mkono unatoka. Hapo nilikaa sawasawa. Mtu wa Corley hahitaji kuelezwa chokaa mbichi ikipata maji inafanya nini, Baba alikuwa na makovu mpaka kwenye viwiko.

Baada ya hapo wanaharibu. Katika ile ya kwanza ilipita saa nzima kabla hujamwona. Ulisikia tu chokaa ikipasuka usoni mwake anapogeuza shingo, kama mtu amekanyaga ganda la yai, na ukumbi mzima ukanyanyua miguu. Hii ya Sita, dakika ya tano tu yuko mbele yako mchana kweupe, anatembea kama anakwenda posta. Anaua watu kumi na wanne na sikumbuki jina la hata mmoja. Wanatupa mzaha kabla ya kufa. Vijana ukumbini wanamshangilia yeye badala ya kuwaonea huruma wanaokimbia. Zamani tulimwogopa, sasa anapigiwa makofi kama mcheza mpira. Nilisikitika, sijui kwa nini, kama vile wamemdhalilisha mtu ninayemfahamu.

Halafu kuna dakika moja. Msichana mwenye koti la njano anavunja kufuli la tanuri na kuingia na taa. Hapo hawakuweka muziki. Anainua taa, na kwenye ukingo wa matofali kuna vichwa vinne. Cha tatu kutoka kushoto ni Rudy wetu.

Sikuwa nimelewa, Loretta. Unakumbuka Agosti ya mwaka 1982, walipokuja kupiga sehemu ya tatu, mimi na Rudy tukachukuliwa kuwa maiti. Wakatulaza kwenye meza za chumba cha kanisa, wakanyoa ndevu zangu, wakatupaka mafuta, wakatumwagia plasta uso mzima, mirija miwili puani ya kupumulia. Dakika arobaini. Rudy akawa anapiga mluzi kwa mirija mpaka yule fundi akamwambia, "Wewe maiti, tulia." Walizibeba zile kalibu za nyuso zetu kwenda nazo California wakavitengeneze vichwa huko. Mwaka uliofuata mji mzima ukaenda kwenye ukumbi wa Gantz kutuona tumekufa, na kumbe kile kipande walikikata. Wewe ulituita wafu walioachishwa kazi.

Basi hawakuzitupa. Macho yamefumbwa, hana ndevu, kidevu safi, nywele wamembandika nyeusi. Vichwa vingine wamevipasua, yeye wamemwacha mzima, kama amesinzia kwenye basi.

Dwight akanigusa. "Toka twende, nguo zitaibiwa." Nikabaki kitini. Akaenda akazitoa peke yake.

Usimwambie Mama. Huko kwetu picha hufika miezi minne baadaye. Ikifika, mpeleke kwa Shangazi Irma wiki nzima, na mwombe Gantz asiweke picha za vichwa dirishani.

Ndugu yako,
Emil


Corley
16 Novemba 1986

Emil,

Tumepata barua yako na tumefurahi kujua kidole kimepona. Sisi tuko salama. Paa limezibwa, alilipanda mume wangu Walter akashuka pua inatoka damu, hakuna aliyemuuliza imekuwaje. Kinamama wa kanisa wamekunja maandazi ya pirogi mia sita ya sikukuu na Mama amekunja zaidi ya wote, ameketi, goti juu ya ndoo. Shangazi Irma amenunua koti jipya analotaka tulione.

Kuhusu mengine uliyoandika, sina la kusema kwa sasa.

Vaa soksi mbili.

Loretta


Corley
7 Desemba 1986

Emil,

Natumaini hujambo. Hapa msimu wa kulungu umefunguliwa Jumatatu, shule zimefungwa, na mji hauna mwanaume mpaka jioni. Walter amepata mmoja mdogo, anamsimulia kama alikuwa fahali. Mama hajambo. Tumekula ini.

Sasa nikwambie kilichotokea, maana barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa ya uoga.

Unajua Mama Kiingereza cha kusoma kinamtesa. Barua zako huwa namsomea mimi mezani, kwa sauti, tangu uondoke. Hajawahi kukujibu, lakini huzima redio. Ile ya Oktoba niliifungua mbele yake nikaanza kusoma kama kawaida. Kwenye daktari wa meno alicheka. Nikafika kwenye taa na vichwa vinne. Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Mwandiko wake mbaya, Mama."

"Mwandiko wake ni mbaya tangu mstari wa kwanza. Endelea."

Nikajaribu kuruka. Emil, mimi ni mwongo mbovu, unanijua. Akanishika mkono na karatasi pamoja, akasema, "Cha tatu kutoka kushoto ni nani?" Nikamsomea. Nikamsomea mpaka pale ulipoandika asiambiwe.

Akawasha redio. Wiki tano hakusema neno juu ya jambo hilo, nami nikadhani limepita. Jana, tunakata kabichi, akaniuliza, "Gantz ataileta lini?"

Anataka kwenda. Nimemwambia ni upuuzi, ni watu wanachinjwa kwa koleo. Nimemwambia padri atamwona. Akasema padri na aje, tiketi zipo. Nimemwambia kile ni kipande cha mpira kilichopakwa rangi. Akasema, "Najua ni mpira. Ni mpira uliogusa uso wake, au uliguswa na kitu kilichogusa uso wake. Mimi sikupewa hata hicho."

Nayo hiyo ndiyo habari yenyewe, Emil, na mimi na wewe tumezunguka miaka mitatu bila kuitaja. Siku magogo yalipomwangukia Rudy uwanjani pale kwenye kiwanda cha mbao, wewe ndiye uliyekwenda hospitali. Ulirudi umesimama mlangoni hukuvua hata kofia, ukasema, "Mama, jeneza litafungwa. Uso haupo tena." Hakubisha. Baba alilazwa wazi siku mbili kwa Kubacki wa mazishi, watu wote wakapita kumuaga. Bibi pia. La Rudy lilifungwa, na Mama akakaa siku mbili anaangalia ubao. Baada ya wiki tatu ukaondoka. Sikulaumu kwa kulifunga. Kama alikuwa hivyo ulivyosema, ulifanya vyema. Ila usiniambie leo nimpeleke kwa Shangazi Irma.

Wewe ndiye uliyeiona hii sinema. Niambie kwa kweli kama ni kitu cha kumwonyesha mwanamke wa miaka sitini na tisa, na kama ndiyo, niambie nifanyeje.

Loretta


Kambi ya Mtambo Namba 9
28 Desemba 1986

Dada Loretta,

Salamu za Krismasi zilizochelewa. Tulikula bata mzinga wa kopo, na Dwight akaimba. Asante kwa soksi. Kama Mama ndiye aliyezifuma usiniambie, nitashindwa kuzivaa.

Barua yako ilinikasirisha siku tatu. Niliandika majibu mawili nikayachoma kwenye jiko la trela. Kisha nikaazima gari la Dwight nikaendesha saa mbili na nusu mpaka mji mwingine ambako bado wanaionyesha, nikakaa maonyesho mawili mfululizo, la saa saba na la saa tisa, na saa ya Baba mkononi. Mwuza tiketi akaniuliza kama nimeipenda kiasi hicho. Nikamwambia naihesabu.

Nimeitazama safari hii kama kazi. Saa nzima ya kwanza hakuna kitu cha kumfaa Mama, ni wasichana wa kuogelea na vijana wajinga. Kuna mauaji ya kamba kwenye mashua ambayo Mama asiyaone kabisa, na mengine ya tingatinga ambayo ni ya kijinga tu, hata yeye atacheka. Mtu wa Chokaa wa safari hii ni mnene kuliko wa zamani, kinyago kinamkaa juu ya sikio. Lakini hicho kipande cha taa kimepigwa na mtu mwingine, naapa. Labda mkubwa wao aliugua siku hiyo wakamwachia mtu anayejua kazi. Taa inatetemeka kwa sababu msichana anatetemeka. Unasikia maji yakidondoka. Ni Tanuri ya zamani ile, dakika moja yote.

Sasa sikiliza. Msichana akivunja kufuli, anza kuhesabu. Ukifika arobaini anainua taa. Uso wa Rudy unakaa kwenye kitambaa sekunde kumi na moja. Nimehesabu mara mbili, ni kumi na moja. Kisha msichana anarudi nyuma hatua mbili, na hapo hapo koleo. Kabla ya hatua ya pili mfunike Mama macho.

Bora zaidi ni kumwomba Gantz. Mikanda ya picha huja kwenye makopo, na kipande hicho najua kiko kwenye kopo la nne kwa sababu mashine ya sinema ya huku ilisimama hapo wakabadilisha kopo. Amwekee hilo tu, asubuhi, ukumbi mtupu, watu wawili. Gantz ana deni kwetu la miaka ya nyuma, Rudy alimpakia makaa bure baridi ile aliyovunjika mguu.

Umeniuliza kama ni kitu cha kumwonyesha. Nilitaka kusema hapana. Nimekaa nimetazama ule uso sekunde ishirini na mbili kwa siku moja, na nasema ndiyo. Amelala vizuri. Hakuna baya alilofanyiwa.

Kuhusu hospitali, uliyoandika umeandika. Sina la kuongeza.

Emil


Corley
15 Februari 1987

Emil,

Natumaini upepo umekuachia masikio. Hapa barafu imekaa mpaka madirisha yanalia. Shangazi Irma amevunja kiwiko, na koti jipya halimwingii na plasta, kwa hiyo analia koti kuliko mkono. Walter anakusalimu.

Picha ilifika tarehe sita. Nilikwenda kwa Gantz nikamweleza yote, nikamtajia kopo la nne. Alivua kofia. Akasema, "Mlete Jumatatu asubuhi, nitamwashia na joto." Nikarudi nimefurahi, nikamwambia Mama.

"Jumatatu kuna nini?"

"Atakuwekea kile kipande tu. Hutaona mengine."

"Kwani mimi mwizi? Watu wanaingia kwa mlango wa mbele na mimi naingia kwa dirisha? Nitakwenda Jumapili baada ya misa kama kila mtu. Nataka kuona alifikaje humo."

Basi tulikwenda Jumapili onyesho la saa nane, Mama na kofia yake ya kanisa, kati ya vijana wote wa Corley. Gantz alitukalisha katikati. Nilikaa nimejikunja kama nangoja kung'olewa jino.

Emil, alizungumza na kitambaa. Tangu mwanzo. Wale wa mashua nilimfunika macho, akaniondoa mkono. Msichana mmoja alipoingia ghalani peke yake, Mama akasema kwa sauti, "Huyu hana mama wa kumwambia asiingie humo?" Kijana wa nyuma yetu akamwambia, "Bibi, nyamaza tusikie." Msichana akachinjwa. Kijana akawaambia wenzake, "Bibi alimwambia." Kuanzia hapo safu nzima ya nyuma ikawa inamuuliza, "Bibi, huyu naye aingie?" Naye anawajibu. "Asiingie. Amevaa viatu gani hivyo?" Na juu ya Mtu wa Chokaa mwenyewe akaniambia, "Anatembea polepole hivyo, na wao wanaanguka wenyewe. Baba yenu angemkamata hata na kifua chake kibovu." Kwa mara ya kwanza tangu Rudy afe nilimsikia Mama akifurahisha watu.

Ulivyosema juu ya sinema ni kweli, isipokuwa tingatinga. Tingatinga mimi lilinitisha.

Kisha koti la njano. Kufuli likavunjika. Nikaanza kuhesabu, na Mama akajua, maana nilimshika mkono. Akaacha kuwajibu wale vijana. Arobaini. Taa ikainuka.

Aliinama mbele mpaka kofia ikagusa kiti cha mbele yake. Sekunde zile kumi na moja ni nyingi, hukuniambia ni nyingi hivyo. Mimi nilimwona Rudy. Nililia, sikuona hata koleo. Mama hakufunikwa macho na hakuyafumba. Taa za ukumbi zilipowashwa alikuwa bado ameinama.

Nikamwambia, "Tumemwona, Mama."

Akasema, "Si Rudy."

"Mama."

"Si Rudy. Huyo ni Emil."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia Emil ana ndevu, Emil yuko Wyoming. Akanitazama kama wale wasichana wanaoingia ghalani. "Ndevu alizifuga akiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilimlaza mimi. Rudy alilala mdomo wazi. Emil hulala mdomo umevutwa upande wa kushoto, kama mtu aliyenyimwa kitu na hataki kukiomba. Na sikio lile ni la baba yake." Akavaa glavu. "Wao wawili mmezoea kuwaona wamefumbua macho. Mimi niliwaona wamefumba."

Jumatatu nilirudi kwa Gantz. Akaniwekea kopo la nne peke yangu, mara tatu, na mara ya tatu nikaona sikio. Mdomo pia. Ni wewe. Sote wawili tuliona uso mchanga usio na ndevu, tukaona tunayemtaka. Na wewe utajijuaje? Hakuna anayejiona amelala. Gantz alikata kipande kimoja cha mkanda, mwishoni mwa zile sekunde ambapo hakitajulikana. Kimo humu ndani ya karatasi nyembamba. Kiweke mbele ya balbu.

Nilikuwa na hasira na wewe njia nzima ya kurudi. Hii ni mara ya pili unamwambia Mama neno juu ya uso wa Rudy, naye anakuamini. Najua hukukusudia. Hasira haijali.

Lakini yeye hana hasira. Jioni alikaa mezani, hakuwasha redio. Akasema, "Nilikwenda kumwona aliyekufa, wamenionyesha aliye hai, amewekwa rafuni." Kisha akasema nikuandikie swali moja tu, nisiongeze la kwangu. Anauliza siku ile hospitali Rudy alikuwaje. Anataka uandike ulichokiona. Anasema hata kama ni kibaya namna gani, ameshaona watu kumi na wanne wanauawa, naye yuko mzima.

Loretta


Kambi ya Mtambo Namba 9
1 Machi 1987

Mama,

Hii ni yako. Loretta atakusomea.

Nakusalimu. Ni mara ya kwanza kukuandikia wewe mwenyewe tangu niondoke, na mkono wangu haujazoea. Niko mzima. Kazi hapa inaisha tarehe ishirini, wanafunga na mtambo huu pia. Basi litanifikisha Pittsburgh tarehe ishirini na tatu. Sijui kama nitakuwa nakuja nyumbani au napita tu. Hilo utaamua wewe ukishasikia.

Nimekiweka kile kipande mbele ya balbu. Mwanzoni niliona Rudy bado. Dwight akakichukua, akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Ni wewe, mpumbavu, umenyolewa." Nilikwenda nikanyoa ndevu zote kwenye beseni nikasimama mbele ya kioo nikifumba jicho moja. Haisaidii, jicho lililobaki ndilo linaloona. Lakini sikio ni langu. Nisamehe kwa hilo, lilikuwa kosa la kweli.

Lile lingine halikuwa kosa.

Umeuliza alikuwaje. Uso wake ulikuwa mzima, Mama. Magogo yalimkuta kifuani na tumboni. Kuanzia shingoni kwenda juu hakukuwa na kitu, ila mkwaruzo mdogo juu ya nyusi na kipande cha ganda la mti kilichonasa kwenye nywele. Nilikitoa mimi.

Kubacki alipokuja kumchukua aliniuliza jeneza liwe wazi au lifungwe. Nikasema lifungwe. Akanitazama, akasema, "Una hakika? Kijana yuko vizuri." Nikasema familia imetaka hivyo. Yeye ni mtu wa kazi ile, akiambiwa na familia hafungui tena mdomo, nami nililijua hilo. Kisha nikaja mlangoni nikakuambia uso haupo tena.

Nimejitungia sababu nyingi. Nimejiambia nilikuwa nakulinda. Uongo. Nilijua kama litakuwa wazi, mimi ndiye nitakayesimama kichwani pake siku mbili, kama Baba alivyosimama kwa Bibi, nikimpa mkono kila mtu wa Corley, na yeye yuko pale chini ya mkono wangu. Dakika kumi tu hospitali zilinishinda. Nilitaka kifuniko kati yangu na yeye, na nikakiweka kati yako na yeye. Baada ya hapo sikuweza kukaa meza moja na wewe ukiangalia ukuta. Ndiyo maana nikaondoka. Sikufuata mafuta wala mshahara.

Kwa hiyo mnapodhani nimekuja huku kwa sababu niliona jambo la kutisha, sikuona la kutisha. Niliona mdogo wangu.

Nakwambia alivyokuwa. Nywele zilikuwa na maji ya theluji, zimelala upande alioupenda yeye, si ule uliokuwa unamchania wewe. Mashavu yalikuwa bado mekundu kwa baridi ya nje. Kidevu kilikuwa na jeraha la wembe la asubuhi ile, alinyoa kwa haraka. Macho yalikuwa yamefumbwa vizuri, hakuna aliyeyafumba, muuguzi alisema alikuja hivyo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama ulivyosema, na lile jino la mbele lililokatika kwenye mpira lilikuwa linaonekana. Hakuwa na hofu usoni. Nilimwangalia sana nikiitafuta, sikuipata. Nilimgusa paji la uso kwa kiganja, mara moja, na halikuwa baridi kama nilivyodhani.

Ungeweza kumwona. Siku zote mbili.

Mwanao,
Emil